Kipimo cha Damu cha NIPT na Hitilafu Adimu za Kromosomu: Mwongozo Kamili kwa Mama Mjamzito

Mama anayeambiwa leo kwamba damu yake inaweza kupimwa ili kujua hali ya kromosomu za mtoto aliye tumboni hupewa karatasi yenye majina mengi. Juu kabisa huwa kuna trisomia (kromosomu tatu badala ya mbili) ya 21, ya 18 na ya 13, na chini yake hufuata orodha ndefu ya hali ambazo hata madaktari wengi hawajawahi kukutana nazo kazini. Bei hupanda kadiri orodha inavyorefuka, na ni rahisi kudhani kwamba kipimo kinachotafuta mambo mengi zaidi ndicho kilicho bora zaidi. Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu dhana hiyo ina kasoro kubwa: kadiri hali inayotafutwa inavyokuwa adimu, ndivyo majibu ya kwamba imeonekana yanavyozidi kuwa na uwezekano wa kutokuwa ya kweli, na mama asiyelijua hilo kabla ya kutoa damu anaweza kuishi wiki nyingi kwa hofu, au hata kufanya uamuzi usioweza kurudishwa, kwa ajili ya tatizo ambalo mtoto wake hana.

Kinachopimwa hasa

Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walichapisha ushahidi kwamba ndani ya plasma, yaani majimaji ya damu, ya mwanamke aliyebeba mimba ya mtoto wa kiume mna vipande vya kromosomu Y, ambayo kwa kawaida mwanamke hana. Kutokana na ugunduzi huo kikazaliwa kipimo kinachojulikana kwa herufi NIPT, ambacho kilianza kutolewa kibiashara Hong Kong na Marekani mwaka 2011. Vipande hivyo vya vinasaba, ingawa matangazo huviita vya mtoto, hutoka kwenye seli za kondo la nyuma zinazokufa na kumwaga yaliyomo kwenye damu ya mama. Kondo na mtoto huanzia kwenye yai moja lililorutubishwa, kwa hiyo mara nyingi vinasaba vyao hulingana. Mara nyingine havilingani, na hapo ndipo sehemu kubwa ya matatizo yatakayoelezwa huko mbele inapoanzia.

Vipande vya kondo huelea pamoja na vipande vingi zaidi vya mama mwenyewe. Kati ya wiki ya 10 na ya 20 ya mimba, sehemu ya kondo huwa wastani wa takriban asilimia 10. Ni kama pishi tisa za mchele wa mama zilizochanganywa na pishi moja ya mchele wa kondo, kisha mtu akatakiwa kuhesabu punje bila kuzitenga. Mashine husoma mamilioni ya vipande, hutambua kila kimoja kimetoka kwenye kromosomu ipi, halafu hulinganisha hesabu hiyo na ile inayotarajiwa. Kondo likiwa na kromosomu 21 tatu badala ya mbili, vipande vya kromosomu hiyo huongezeka kwa asilimia 5 tu endapo sehemu ya kondo ni asilimia 10, na kwa asilimia 2 tu endapo sehemu hiyo ni asilimia 4. Ndiyo maana maabara nyingi hukataa kutoa majibu pale sehemu ya kondo inapokuwa ndogo mno.

Ukubwa wa kitu kinachotafutwa nao una uzito wake. Kromosomu 21 ina herufi za vinasaba zaidi ya milioni 40, ilhali kipande cha kromosomu 22 kinachopotea katika hali iitwayo upungufu wa 22q11.2 kwa kawaida kina takriban milioni 3. Kipande kidogo hutoa punje chache za kuhesabu, na pale punje zinapokuwa chache, kupanda au kushuka kidogo kwa bahati tu kunaweza kufanana na hitilafu ya kweli. Msomaji akilishika jambo hili moja, mengi katika hatua zinazofuata yatajieleza yenyewe.

Ni lazima pia kujua kile ambacho NIPT ya kawaida haikitafuti kabisa, kwa kuwa akina mama wengi hulipa wakiamini kwamba wamepimiwa kila kitu. Haitafuti selimundu, ambayo ndiyo hali ya kurithi inayoziumiza familia nyingi zaidi katika ukanda wetu; hiyo hubainishwa kwa kuwapima baba na mama wenyewe, kipimo cha bei nafuu ambacho wenzi wangefaa kukifanya kabla ya kuwaza NIPT. Haioni mgongo wazi, mdomo wazi, wala tundu kwenye moyo, na haisemi lolote kuhusu usonji.

Hatua ya 1: Amua unachotaka kujua, kabla ya damu kutolewa

Swali la kujiuliza wewe na mwenzi wako ni hili: majibu yakija vibaya, tutafanya nini tofauti na ambavyo tungefanya bila kujua? Wapo wanaotaka kujua ili wajifungulie kwenye hospitali yenye chumba cha watoto wachanga mahututi na daktari wa moyo wa watoto. Wapo wanaotaka muda wa kujiandaa kimoyo na kifedha. Wapo wanaofikiria kutoendelea na mimba. Na wapo ambao, wakijiuliza kwa ukweli, hugundua kwamba hawatabadilisha chochote, na kwamba taarifa hiyo itawaletea mashaka matupu. Hao wana haki kamili ya kukataa kipimo, na hawapaswi kuonekana kuwa wazazi wasiojali.

Anayefikiria kutoendelea na mimba anapaswa kuielewa sheria ya mahali anapoishi kabla ya kupima. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 26(4), inakataza utoaji mimba isipokuwa pale ambapo mtaalamu wa afya aliyefunzwa anaona kwamba kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Tanzania Bara ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, isipokuwa kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama. Hitilafu ya mtoto, peke yake, haikutajwa katika maneno hayo. Kwa Waswahili wanaoishi Uholanzi, Uingereza au Marekani, hali ni tofauti, na Marekani inatofautiana hata kati ya jimbo na jimbo.

Hatua ya 2: Fanya ultrasaundi kwanza

Wengi huruka hatua hii kwa sababu tangazo limesema tone la damu linatosha. Ultrasaundi ya mapema huthibitisha umri wa mimba, jambo muhimu kwa kuwa kabla ya wiki ya 10 sehemu ya kondo huwa ndogo, na akina mama wengi hawana uhakika wa tarehe ya hedhi ya mwisho. Huonyesha kama mimba iko ndani ya mji wa mimba na kama mtoto yu hai. Huonyesha pia kama ni pacha, na kama palikuwa na pacha wa pili aliyekoma kukua wiki za mwanzo: kondo lake huweza kuendelea kumwaga vinasaba kwa wiki kadhaa na kutoa majibu yasiyomhusu kabisa mtoto aliyebaki.

Ikiwezekana, ultrasaundi ifanywe kati ya wiki ya 11 na ya 14 na mtu aliyefunzwa kupima unene wa maji nyuma ya shingo ya mtoto. Unene ukifika milimita 3.5 au zaidi, au pakionekana kasoro ya wazi ya moyo, ubongo au ukuta wa tumbo, NIPT siyo njia ifaayo tena. Mama huyo aelekezwe moja kwa moja kwenye kipimo cha uthibitisho (kimeelezwa katika Hatua ya 6), ambacho huona mengi kuliko NIPT, badala ya kupoteza wiki mbili na fedha nyingi kwa majibu ambayo hata yakiwa mazuri hayataondoa shaka.

Hatua ya 3: Chagua upana wa kipimo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea na ndipo mama anapohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kundi la kwanza ni trisomia ya 21, inayosababisha sindromu ya Down, pamoja na ya 18 na ya 13, ambazo watoto wengi wanaozaliwa nazo hawamalizi mwaka wa kwanza. Kwa hizi tatu NIPT ni kipimo kizuri kwelikweli: hugundua zaidi ya 99 kati ya kila mimba 100 zenye trisomia ya 21, na hukosea kwa mimba chache mno zisizo na tatizo. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, ambayo ilianza kuitumia NIPT katika mpango wake wa England mwaka 2021, hutafuta tatu hizi tu, na huitoa kwa mama ambaye vipimo vya awali vimeonyesha uwezekano mkubwa kuliko 1 kwa 150.

Kundi la pili ni kromosomu za jinsia, yaani hali kama sindromu ya Turner (msichana mwenye kromosomu X moja tu) na ya Klinefelter (mvulana mwenye X ya ziada). Majibu chanya ya Turner, yaani yanayosema kwamba hali hiyo ipo, hukosea mara nyingi, kwa sababu ya kondo na kwa sababu ya mama mwenyewe: kadiri mwanamke anavyozidi umri, baadhi ya seli zake za damu hupoteza kromosomu X moja bila madhara yoyote, na mashine haiwezi kutofautisha. Kundi hili ndilo pia linalotoa jinsia ya mtoto, jambo ambalo kwa wateja wengi ndilo kivutio chenyewe. Iwapo sampuli yako inapimwa India, usitegemee kuambiwa jinsia, kwa kuwa sheria ya huko ya mwaka 1994 inakataza kuitoa.

Kundi la tatu ni vipande vidogo vilivyopotea. Kinachofahamika zaidi ni 22q11.2, ambacho huleta kasoro za moyo, upungufu wa madini ya chokaa kwenye damu ya mtoto mchanga, udhaifu wa kinga na matatizo ya kaakaa na ya kujifunza. Tofauti na sindromu ya Down, hali hii haitegemei umri wa mama. Msichana wa miaka 20 na mwanamke wa miaka 42 wana uwezekano uleule. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, ambao ulithibitisha matokeo ya vinasaba kwa watoto zaidi ya 18,000, uliikuta katika mimba 1 kati ya 1,524. Kipimo kiligundua 9 kati ya 12 waliokuwa nayo, na kati ya akina mama walioambiwa ipo, takriban mmoja kati ya wanne tu ndiye aliyekuwa na mtoto mwenye hali hiyo. Kwa programu ya hesabu iliyoboreshwa, idadi hiyo ilipanda hadi nusu hivi. Chama cha wataalamu wa vinasaba vya tiba cha Marekani, ACMG, kimependekeza kwamba 22q11.2 inaweza kutolewa kwa hiari, lakini kimesema ushahidi hautoshi kupendekeza utafutaji wa kawaida wa vipande vingine. Vingine hivyo ni kama 1p36, 5p, 4p na 15q11, ambavyo ni adimu zaidi.

Kundi la nne ni kipimo kinachokagua kromosomu zote 22 zisizo za jinsia na kutafuta trisomia adimu, kwa mfano ya 7, ya 8, ya 15, ya 16 au ya 22. Hapa ushahidi bora umetoka Uholanzi, nchi iliyoanza kuwapa wajawazito wote NIPT kama kipimo cha kwanza Aprili 2017, ikiwaachia wachague kama wanataka kuambiwa pia matokeo ya ziada. Katika mwaka wa kwanza walipimwa wanawake zaidi ya 73,000, na karibu 8 kati ya 10 walichagua kuambiwa. Trisomia adimu zilionekana kwa wanawake 101. Zilipofuatiliwa, ni asilimia 6 tu zilizothibitishwa kuwamo ndani ya mtoto mwenyewe. Kwa vipande vilivyoongezeka au kupungua ilikuwa asilimia 32. Kwa trisomia ya 21, katika utafiti huohuo, ilikuwa asilimia 96. Mashine ileile, maabara zilezile, akina mama walewale, ila kilichotafutwa ni tofauti.

Hata hivyo asilimia 6 haimaanishi kwamba waliobaki walisumbuliwa bure wote. Kondo lenye trisomia ya 16, kwa mfano, linaweza kushindwa kumlisha mtoto vizuri ingawa mtoto mwenyewe ana kromosomu kamili, na mama akapata mtoto mwenye uzito mdogo, au shinikizo la damu la mimba, au uchungu wa mapema. Taarifa hiyo ina manufaa ikiwa mama ana mahali pa kufuatiliwa kwa ultrasaundi za mara kwa mara. Kama hana, inabaki kuwa mzigo. Kwa maoni yangu, mama asiyekuwa na njia halisi ya kufikia kipimo cha uthibitisho na ufuatiliaji wa ukuaji wa mtoto afadhali abaki kwenye kundi la kwanza, hata kama ana uwezo wa kulipia yote.

Hatua ya 4: Kutoa damu

Hakuna haja ya kufunga kula. Mweleze anayechukua sampuli kama umewahi kupandikizwa kiungo, kama umeongezewa damu hivi karibuni, kama una au umewahi kuwa na saratani, kama unatumia sindano za heparini, kama mimba ni ya pacha au imetokana na yai la mwanamke mwingine, na kama una uvimbe kwenye kizazi. Hili la mwisho halijulikani na wengi, lakini fibroidi, ambazo wanawake wa Kiafrika huzipata zaidi, zinaweza nazo kumwaga vinasaba vyenye mpangilio usio wa kawaida na kuivuruga hesabu.

Damu huwekwa kwenye chupa maalumu yenye dawa ya kuzuia seli za mama zisipasuke. Ikiwekwa kwenye chupa ya kawaida na kukaa siku nzima, seli za mama huvunjika, vinasaba vyake hujaa, na sehemu ya kondo huzama. Katika miji ya Afrika Mashariki sampuli kwa kawaida husafirishwa kwenda maabara za nje, hivyo ni haki yako kuuliza inakwenda nchi gani, itafika ndani ya siku ngapi, na nani atakueleza majibu. Swali hilo la mwisho ndilo zito zaidi. Ukiambiwa kwamba majibu yatatumwa kwa barua pepe na basi, tafuta kwanza daktari wa wanawake aliye tayari kuyasoma pamoja nawe.

Mara chache maabara hurudisha jibu kwamba sampuli haikutoa matokeo. Hilo hutokea zaidi kwa mama mwenye uzito mkubwa, au damu iliyochukuliwa mapema mno. Kipimo kinaweza kurudiwa, na mara nyingi safari ya pili hufaulu. Kukosa matokeo mara mbili kusichukuliwe kama jibu zuri, kwani mimba zenye trisomia ya 18 na ya 13 huwa na kondo dogo na hujitokeza zaidi katika kundi hilo. Hapo ultrasaundi ya kina na mazungumzo kuhusu kipimo cha uthibitisho yanahitajika.

Hatua ya 5: Kusoma majibu

Karatasi ya majibu mara nyingi huandika kwamba kipimo kina usahihi wa zaidi ya asilimia 99. Namba hiyo inaweza kuwa ya kweli na bado ikampotosha msomaji, kwa kuwa inajibu swali ambalo mama hakuliuliza. Inasema ni mimba ngapi zenye tatizo ambazo kipimo huzigundua. Mama aliyepata majibu chanya anataka kujua kinyume chake: kati ya wanawake walioambiwa kama mimi, ni wangapi ambao kweli mtoto ana tatizo?

Tufanye hesabu. Chukua wanawake 100,000 ambao kila mmoja ana uwezekano wa 1 kwa 1,000 wa kuwa na mtoto mwenye sindromu ya Down, kiwango kinachokaribiana na cha mwanamke wa miaka 30. Watoto 100 watakuwa nayo, na kipimo kitawagundua karibu wote. Katika waliobaki, kipimo kinachokosea kwa 4 kati ya kila 10,000 kitawatisha bure wanawake 40 hivi. Kwa hiyo majibu chanya yatakuwa 140, na 100 kati yake ni ya kweli, yaani takriban asilimia 71. Kwa wanawake wa miaka 40, ambao uwezekano wao ni karibu 1 kwa 100, hesabu hiyohiyo inatoa asilimia 96.

Sasa tuchukue hali inayotokea kwa mtoto 1 kati ya 20,000, na tudhani kwamba kipimo kinakosea kwa 1 kati ya kila 1,000, kiwango ambacho masikioni ni kidogo sana. Katika wanawake 100,000 kuna watoto 5 wenye hali hiyo, na wanawake 100 walioambiwa kwamba ipo wakati haipo. Hata kama kipimo kitawagundua wote 5, majibu chanya ya kweli hayafiki 5 kati ya kila 100. Ukiweka hali tano za namna hiyo kwenye kifurushi kimoja, waliotishwa bure wanakaribia 500. Aprili 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo rasmi kuhusu vipimo hivi, ikieleza kwamba ilikuwa na taarifa za wagonjwa waliomaliza mimba kwa kutegemea majibu ya uchunguzi peke yake, bila uthibitisho.

Majibu hasi nayo yana mipaka yake. Kwa trisomia ya 21 yanapunguza sana uwezekano, ingawa hayauondoi wote. Kwa hali adimu hayaongezi mengi, kwa kuwa uwezekano ulikuwa mdogo mno tangu mwanzo.

Kuna aina ya tatu ya majibu ambayo ni nadra lakini haifai kupuuzwa, nayo ni pale ambapo kromosomu nyingi kwa pamoja zinaonekana kuvurugika. Mtoto mwenye mvurugiko wa namna hiyo kwa kawaida asingekua, hivyo daktari humgeukia mama. Utafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani uliochapishwa Desemba 2024 uliwachunguza wanawake 107 waliokuwa wamepata majibu ya ajabu au yasiyoweza kutolewa, na 52 kati yao walikutwa na saratani, baadhi wakiwa hawana dalili yoyote. Sababu nyingine ni fibroidi na hata upungufu mkubwa wa vitamini B12. Mama anayeambiwa hivi adai uchunguzi wa mwili wake mwenyewe, na asikubali kuambiwa tu kwamba mashine imeshindwa.

Hatua ya 6: Uthibitisho

Majibu chanya ya NIPT, ya hali yoyote ile, hayatoshi kufanyia uamuzi usiorudi nyuma. Uthibitisho hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kipande kidogo cha kondo, kati ya wiki ya 11 na ya 14. Ya pili ni amniosentesisi, yaani kuvuta maji kidogo ya uzazi kwa sindano nyembamba ikiongozwa na ultrasaundi, kuanzia wiki ya 15.

Kwa trisomia adimu njia ya pili ndiyo ifaayo, hata kama inamaanisha kungoja wiki kadhaa, na sababu yake inatokana moja kwa moja na ile tuliyoanza nayo: kwenda kupima kondo baada ya vinasaba vya kondo kuonyesha tatizo ni kumuuliza shahidi yuleyule mara mbili. Maji ya uzazi yana seli za mtoto mwenyewe. Maabara iombwe kufanya maikroarei, ambayo huona vipande vilivyopotea ambavyo darubini haivioni. Endapo NIPT ilionyesha trisomia ya kromosomu 6, 7, 11, 14, 15 au 20, maabara iombwe pia kuangalia kama mtoto amerithi kromosomu zote mbili za jozi hiyo kutoka kwa mzazi mmoja. Hali hiyo hutokea pale yai lenye kromosomu tatu linapojirekebisha kwa kuitupa moja isiyostahili, na kwa kromosomu 15 huweza kuleta sindromu ya Prader-Willi au ya Angelman ingawa idadi ya kromosomu inaonekana kuwa kamili.

Uwezekano wa mimba kuharibika kutokana na amniosentesisi iliyofanywa na mtu mwenye uzoefu ni chini ya 1 kwa 200. Katika ukanda wetu wataalamu hao ni wachache na wako zaidi katika miji mikubwa, kwa hiyo ulizia mapema, wakati bado hujatoa damu ya NIPT. Mama mwenye damu ya Rh hasi anahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya amniosentesisi. Mama anayeishi na VVU anaweza kufanyiwa, ila kwanza wingi wa virusi ushushwe kwa dawa hadi kiwango kisichoonekana kwenye kipimo; mwenye homa ya ini B naye apimwe wingi wa virusi vyake na azungumze na daktari kabla.

Wapo watakaokataa sindano. Hao wafanyiwe ultrasaundi ya kina kati ya wiki ya 18 na ya 22, ikiwemo ya moyo wa mtoto, kisha wapangiwe kupima vinasaba vya mtoto akishazaliwa.

Hatua ya 7: Hali ikithibitishwa, au ikibaki na shaka

Kwanza omba nakala ya majibu yote kwa maandishi, pamoja na jina kamili la hitilafu na mahali kipande kilipokatikia, kisha uiambatishe kwenye kadi ya kliniki. Wazazi nao wapimwe: katika takriban familia moja kati ya kumi zenye mtoto wa 22q11.2, hali hiyo imerithiwa kutoka kwa mzazi ambaye huenda hakujua kwamba anayo, na hilo hubadilisha hesabu ya mimba zijazo kutoka uwezekano mdogo hadi nusu kwa nusu.

Kwa trisomia adimu iliyobainika kuwa kwenye kondo tu, mpango ni kupima ukuaji wa mtoto kwa ultrasaundi kila baada ya wiki nne hivi kuanzia katikati ya mimba, kufuatilia shinikizo la damu kwa ukaribu, na kumweleza mkunga sababu yake ili asishangae mama anapohudhuria mara nyingi kuliko wenzake. Baada ya kujifungua, sampuli ya kondo ikiweza kupelekwa maabara, ipelekwe.

Kwa mtoto anayetarajiwa kuwa na 22q11.2, mahali pa kujifungulia ni hospitali ya rufaa iliyo karibu na huduma ya moyo wa watoto. Kwa Dar es Salaam, upasuaji wa moyo wa watoto hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Timu ya uzazi iandikiwe mapema mambo matatu. La kwanza ni kwamba chokaa ya damu ipimwe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ikishuka mtoto hupata degedege ambayo inaweza kudhaniwa kuwa maambukizi. La pili ni kwamba akihitaji kuongezewa damu kabla kinga yake haijapimwa, damu hiyo itayarishwe kwa mionzi inapowezekana. La tatu linahusu chanjo: BCG hutolewa kwa watoto wetu karibu na kuzaliwa, nayo ni chanjo hai kama ilivyo ya matone ya polio na ya rota, hivyo daktari wa watoto apime kwanza seli za kinga na aamue ni chanjo zipi zitolewe mara moja na zipi zisubiri. Watoto wengi wenye hali hii hukutwa na kinga ya kutosha na huendelea na ratiba ya kawaida, lakini uamuzi huo unapaswa kuwa umeandikwa kwenye faili kabla muuguzi wa wodi ya wazazi hajafika na sindano.